Barakoa Namba Kumi na Saba

Ukivuka mito mitatu isiyo na madaraja, kisha madaraja mawili yasiyo na mto, unaingia katika nchi moja ambayo wenyewe huiita Nchi tu, maana hawajaona sababu ya kuitofautisha na nyingine. Ni nchi ya amani. Mpakani unaulizwa jina la bibi yako mzaa mama, na ukilitaja linabandikwa ukutani, kwa ulinzi wako.

Huko alikuwako mwalimu wa chekechea aliyeitwa Mwalimu Hidaya, mwanamke mrefu kuliko milango mingi ya nchi hiyo, aliyezoea kuinama kabla ya kuingia popote. Kwa miaka ishirini na miwili rejesta yake haikuwahi kuguswa na wino mwekundu wa mkaguzi. Akiambiwa andika, anaandika. Akiambiwa futa, anapiga mstari kwa rula. Watu wa mtaani walimheshimu kwa hilo, naye mwenyewe, tuseme kweli, alijipenda kidogo kwa hilo.

Sasa, familia za nchi hiyo zimetawanyika. Baba yuko jangwani anafukia mabomba ya watu, mama yuko mjini, bibi yuko milimani na mbuzi wake. Wakaomba angalau wawe wanawaona watoto. Serikali ikasikia, jambo ambalo lenyewe lilitangazwa redioni siku mbili mfululizo, ikafungua Dirisha: ukurasa mmoja mkubwa wa mtandaoni ambamo kila chekechea ilitakiwa kuweka picha ya watoto wake kila siku ya masomo, saa nne asubuhi. Bibi wa milimani akifungua simu, anamwona mjukuu anakunywa uji. Mabibi walilia kwa furaha. Na kwa kuwa Rais alikuwa amesema kwamba mtoto ni wa jamii nzima, Dirisha likaachwa wazi kwa jamii nzima, na kwa majirani pia wasije wakanuna.

Mwaka wa pili mama mmoja alikwenda kununua dawa ya minyoo, akamkuta mwanawe anamchekea kutoka kwenye pakiti. Dawa yenyewe ilitengenezwa nchi ya tatu. Kelele zikawa nyingi, Bunge likakaa siku kumi na moja. Mbunge mmoja wa viti vya nyuma aliuliza kama isingekuwa rahisi Dirisha lifungwe, kila familia ipewe ufunguo wa kumwona mtoto wake tu. Akaelezwa kwa upole kwamba Dirisha lilizinduliwa kwa kukata utepe, na utepe ukishakatwa haushoneki. Akaomba radhi, na jioni hiyo ikaundwa Wizara ya Sitara ya Watoto.

Wizara ilifanya kazi usiku na mchana, ikaja na jibu: uso wa mtoto usionekane. Mtoto apigwe picha akiwa amevaa barakoa ya karatasi ngumu yenye lastiki nyuma. Kamati ilijadili barakoa iwe na sura gani. Sura tupu ingewatisha mabibi. Sura ya ua ilionekana ya kigeni. Ndipo Mheshimiwa Waziri, kwa kujitolea ambako wengi walikusifia, akatoa sura yake mwenyewe, miwani na masharubu na tabasamu.

Siku barakoa zilipofika kwa Mwalimu Hidaya, mtoto mmoja alijikojolea alipogeuka na kukuta wenzake wote wamekuwa Waziri. Lakini watoto huzoea. Baada ya wiki walitambuana kwa miguu. Walifundishwa pia maneno ya kusema mgeni akiwauliza jambo lolote wakiwa wamevaa: "Mimi ni siri ya taifa." Waliyasema vizuri, kwa pamoja, kama wanavyoimba vokali.

Mabibi ndio waliolalamika. Wataonaje wa kwao kati ya Mawaziri thelathini na mmoja? Wizara ikasikia tena. Ukatoka Waraka wa Maelezo: chini ya kila barakoa kuwe na namba, na mbele ya namba kuwe na jina kamili la kwenye cheti cha kuzaliwa, umri, mtaa, nyumba, alama za mwilini, jina la anayemchukua mtoto na saa ya kumchukua. Ibara ya mwisho ilifafanua kwamba siri ya mtoto ni eneo lililo kati ya kidevu na paji la uso. Mengine yote ni maelezo.

*

Mama Kidawa aliusoma waraka huo ukutani wakati amekuja kumchukua mwanawe, akaomba azungumze na mwalimu pembeni. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mfuaji nguo, mwenye tabia ya kukaa akitazama mlango. Alikuwa mtaani pale miezi minane tu, na hakuna aliyejua ametokea wapi.

Alisimulia kwa kifupi na kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma orodha ya dukani. Mtoto cheti chake kinasema Semeni Maganga. Baba yake ni mtu wa mizani ya malori kule barabara kuu, mtu anayevaa shati la pasi, anayesalimia wazee. Siku moja alimwaga sufuria ya uji wa moto akimlenga mama, ukampata mtoto mkono wa kushoto. Polisi walisema ni uji tu. Basi wakaondoka, na Semeni akawa Kidawa.

"Mwalimu, sikuombi makubwa," alisema. "Andika Kidawa. Andika mtaa wowote. Huyo mtu akijua tulipo, safari hii hatamwaga uji."

Mwalimu Hidaya akamwahidi. Na kwa wiki mbili, pale namba kumi na saba, palisomeka *Kidawa*, na mbele yake palikuwa peupe. Palimwasha macho kila alipopatazama, ule weupe, lakini alivumilia.

Jumatatu moja asubuhi akaingia Mkaguzi wa Maelezo, Bwana Dunda, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni. Alikagua barakoa kwa kuvuta lastiki moja moja. Alikagua uji. Kisha akafungua Dirisha kwenye simu yake, akashuka na kidole mpaka kumi na saba, akasimama hapo.

Akasema kwamba anasikitika. Alikuja akiwa amebeba cheti cha Chekechea ya Mfano wa Sitara, alikuwa nacho kwenye mkoba, kimeshaandikwa jina la Mwalimu Hidaya kwa wino wa dhahabu, na sasa atarudi nacho. Mwalimu akamweleza habari za yule mama, bila kutaja uji. Bwana Dunda akasikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Mama yangu, hatari ya mtoto ni uso wake, na uso tumeshaufunika," alisema. "Huyo baba ataona nini? Atamwona Waziri. Wewe ukiacha maelezo wazi ndiyo unaleta wasiwasi, watu wataanza kuuliza huyu mtoto anafichwa nini."

Akatoa kalamu ya wino mwekundu, akaiweka juu ya rejesta. Hakuandika. Aliiweka tu, akaomba maji ya kunywa.

Mwalimu Hidaya aliitazama ile kalamu. Alijiambia kwamba nchi ina machekechea elfu tatu, na watoto ni wengi kama mchanga, nani atakaa asome mstari mmoja? Alijiambia pia kwamba mtu wa mizani yuko mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Akatoa cheti cha mtoto kabatini, akanakili kwa mwandiko wake mzuri: Semeni Maganga, miaka minne, Mtaa wa Chumvi, nyumba ya tatu kutoka kisimani, kovu la moto mkono wa kushoto, huchukuliwa na mama yake, saa sita na nusu. Saa nne picha ikapanda. Cheti cha wino wa dhahabu kikatundikwa juu ya ubao.

*

Chini ya picha za Dirisha watu huandika maneno. Mabibi huandika dua, wajomba huuliza kwa nini mtoto amepauka. Mwalimu Hidaya alikuwa na desturi ya kuyasoma saa nane, akiwa peke yake darasani na kikombe cha chai.

Siku hiyo, kati ya dua ya bibi mmoja na dua ya bibi mwingine, palikuwa na mstari wa mtu asiyeweka jina wala picha:

*Kumi na saba amekua. Kovu limepona vizuri.*

Alisoma tena. Chai ikapoa ikafanya ngozi juu. Kisha akachukua mkoba wake akaenda Wizarani kwa miguu, akipita watu bila salamu, jambo ambalo mtaa mzima uliliona.

Pale Wizarani ipo Idara ya Kuondoa. Ina dirisha moja na benchi refu. Karani alikuwa kijana wa heshima, akampa kiti, akamweleza utaratibu bila haraka. Kuondoa maelezo ya mtoto kunawezekana kabisa, na ni haki ya kila raia. Mtoto aletwe hapa bila barakoa, apigwe picha ya uso ili ithibitike ndiye. Picha hiyo itawekwa Dirishani siku kumi na nne pamoja na maelezo yanayotaka kuondolewa, ili kama kuna mwanafamilia mwenye pingamizi, hasa baba, apate nafasi ya kujitokeza.

Mwalimu Hidaya akauliza, na kama baba ndiye anayekimbiwa?

"Basi atajitokeza haraka," karani alisema, "na shauri litakwisha mapema."

Akauliza tena, na kama mtoto akiacha tu kuja shule? Karani akamwonea huruma kwa kutojua. Mashine ya Dirisha huhesabu barakoa. Ikikosa moja, yenyewe huandika HAYUPO kwa rangi nyekundu juu ya namba ya mtoto, pamoja na idadi ya siku, na kuomba umma usambaze maelezo yake ili atafutwe. Akiugua vilevile hutangazwa, na namba ya kitanda, ili aombewe.

Alirudi kwake akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

*

Kesho yake, Jumanne, alimsubiri Mama Kidawa getini. Alimwambia yote, hakujificha nyuma ya Bwana Dunda wala waraka. Alisema, "Niliandika mimi. Kwa mkono huu."

Mama Kidawa hakupiga kelele. Aliutazama ule mkono muda mrefu, kama kitu kilichookotwa.

"Mwandiko wako mzuri sana, Mwalimu," alisema. "Nilipenda mwanangu aje ajifunze kuandika hivyo."

Kisha akainama, akamvua mtoto begi la shule akalitundika kwenye geti, akamfunga mgongoni ingawa alikuwa ameshapita umri wa kubebwa. Mtoto alikuwa na barakoa yake mkononi. Mama akaichukua, akampa mwalimu.

"Nipe siku tatu. Leo, kesho na keshokutwa. Asijue kama tumeondoka. Zikipita hizo tatu tutakuwa mahali ambapo hilo Dirisha lenu halifiki. Mimi sijui utafanyaje. Wewe ndiye unayejua taratibu."

Hakusema wanaelekea wapi, na Mwalimu Hidaya, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kujaza nafasi zilizo wazi, hakumuuliza.

Ilikuwa saa mbili na robo. Picha ni saa nne. Alijaribu kwanza kuivalisha barakoa ndoo iliyofunikwa nguo, akaiweka kati ya kumi na sita na kumi na nane. Simu iliyokuwa rafuni, inayopiga picha yenyewe baada ya kuhesabu kumi, ikaikataa: *Barakoa hii haipumui.* Saa nne kasoro robo akashusha pazia la ofisi, ambalo kwa bahati lilikuwa la kijani kama sare, akalikata tundu la shingo kwa mkasi wa darasani. Akaenda katikati ya mstari, akapiga magoti, akakunja shingo, akafunga lastiki.

Ndani ya barakoa kulikuwa na giza, joto, na harufu ya wino. Matundu ya macho yalikatwa kwa kipimo cha mtoto, hivyo aliona kwa jicho moja tu. Hakuwahi kuivaa kabla ya hapo. Simu ikahesabu, ikatoa mlio. *Watoto 31. Asante kwa kusitiri.*

Watoto hawakusema kitu. Walikuwa wamefundishwa vizuri.

Jumatano akafanya vilevile. Magoti yalimvimba. Dirishani mabibi walifurahi. Mmoja aliandika kwamba yule wa kumi na saba ameshiba, ashukuriwe Mungu, mwingine akataka kujua anapewa uji wa nini. Alasiri ikaja barua ya Bwana Dunda, yenye mhuri, kuipongeza chekechea kwa hatua kubwa ya lishe. Yule asiye na jina hakuandika chochote siku hiyo. Hilo ndilo lililomkosesha Mwalimu raha, maana mtu akiwa safarini kwenye basi hana muda wa kuandika.

*

Alhamisi akaja. Maelezo yalisema mtoto huchukuliwa na mama yake saa sita na nusu, hivyo yeye akaja saa nne, saa ambayo mama hayupo. Alikuwa na shati la pasi, na karatasi iliyokunjwa mara nne, na barua fupi ya Bwana Dunda iliyosema kwamba mleta barua ametaja maelezo yote saba bila kukosea, kwa hiyo ni familia.

Watoto walikuwa wamekwisha panga mstari. Mwalimu alikuwa amekwisha piga magoti. Simu ilikuwa inasubiri rafuni iguswe, na aliyekuwa akiigusa ni mtoto wa mwisho mstarini, ambaye hukimbia kurudi mahali pake.

Mtu yule akabisha hodi kwa adabu. Hakumwona mwalimu. Aliona Mawaziri thelathini na mmoja wanamgeukia kwa pamoja wakitabasamu, akarudi nyuma hatua moja. Kisha akacheka kidogo, akafungua karatasi yake, akaanza kutembea mbele ya mstari akisoma namba chini ya barakoa.

"Mwalimu wenu yuko wapi?" akamuuliza wa tano.

"Mimi ni siri ya taifa," wakajibu wote.

Akaendelea. Kumi. Kumi na nne. Viatu vyake vilikuwa safi, na Mwalimu Hidaya, kwa tundu lake moja, aliviona vikisimama mbele yake. Mtu akachutama. Alinukia sabuni.

"Semeni," alisema taratibu, sauti ya mtu anayemwamsha mtoto. "Baba amekuja. Usiogope. Mama yako ameondoka jioni hii bila wewe, si ndiyo, kila siku anakuacha? Twende nyumbani. Nyoosha mkono nione."

Kosa lake lilikuwa dogo, kusema jioni wakati ni asubuhi. Alikuwa ameyapanga maneno hayo njiani kwa saa nyingine. Lakini sauti haikuwa na kosa. Ilikuwa nzuri. Mwalimu Hidaya, mwenye miaka hamsini na mitatu, alisikia mkono wake wa kushoto ukisisimka kama una kovu, na akajua kwa mara ya kwanza nini alichokuwa amekinakili kwa mwandiko mzuri siku ya Jumatatu.

Akaunyoosha mkono. Ulikuwa mrefu. Ulitoka ndani ya pazia la kijani ukazidi kutoka, mtu yule akiufuata kwa macho, hadi ukampita sikioni, ukafika rafuni, ukaigusa simu.

Kisha akasimama. Alisimama polepole kwa sababu ya magoti, na kwa mara ya kwanza katika jengo lile hakuinamisha kichwa. Waziri mwenye masharubu akamtazama mtu wa mizani kutoka juu. Mtu yule naye akainuka, akageuka kutafuta mtoto wake kati ya wale wengine, mdomo wazi, na shati la pasi limeloa mgongoni. Aliposikia simu ikihesabu nyuma yake aligeuka, na alikuwa anaitazama moja kwa moja ilipomaliza.

*Barakoa 31. Uso 1,* ikaandika mashine. *Tafadhali jaza maelezo.*

Mwalimu Hidaya akaishusha simu, akajaza, mtu yule akiwa amerudi kutafuta mwisho wa mstari. Jina alikuwa nalo, la ukoo lilikuwa kwenye cheti cha mtoto. Kazi, mizani. Alama za mwilini, hakuna. Alama alizoweka kwa wengine, akazitaja. Mahali alipo saa hii, hapa. Akapandisha Dirishani kabla mtu hajamfikia, na kama mama mmoja alikuwa mahali fulani bado ana mtandao, angeweza kuona huyo mtu yuko umbali gani nyuma yake.

*

Kesi haikuchukua muda. Mwalimu Hidaya alishtakiwa kwa kuanika uso wa raia na maelezo yake binafsi bila ridhaa, na kwa kuharibu pazia. Bwana Maganga alitoa ushahidi kwa sauti ya chini, akieleza namna alivyoumia kutazamwa na watu asiowajua. Ukumbi mzima ulimwonea huruma. Hakimu alisema kwamba taifa lisilolinda siri ya mtu mmoja haliwezi kulinda ya yeyote, na maneno hayo sasa yamechorwa kwenye lango la Wizara.

Picha ilisahihishwa. Kwa saa mbili tu uso ulikuwa wazi. Baadaye Wizara iliufunika kwa barakoa, na chini yake maelezo yakafutwa yote kwa heshima. Kwa hiyo leo ukifungua Alhamisi ile utaona Mawaziri wadogo thelathini na Mawaziri wawili warefu, wanatabasamu. Chini ya namba kumi na saba maelezo yako palepale, mtaa, nyumba na kovu, kwa sababu hakuna aliyefuata utaratibu wa kuyaondoa.

Mwalimu Hidaya haruhusiwi tena kukaribia watoto. Amepangiwa ghala la Wizara, kule anapitisha lastiki kwenye barakoa, tundu la kulia na tundu la kushoto. Wenzake wanasema anafanya vizuri. Ana tabia moja tu wasiyoielewa: kila siku saa nne hufungua Dirisha, hushuka na kidole mpaka kumi na saba.

Kama Mama Kidawa aliona, hajui. Kama walifika, hajui. Hakuna aliyemwandikia, na anaomba asiandikiwe. Umma unaendelea kusambaza maelezo kwa moyo wa kizalendo, na wapo wanaosema wamemwona mtoto mwenye kovu soko hili au lile. Kila asubuhi, kabla namba haijatokea, anashika pumzi, kwa sababu ipo siku mashine inaweza kuandika kwamba amepatikana.

Kisha maandishi mekundu yanatokea. HAYUPO, siku ya 203. Anayasoma mara mbili, anazima simu, anachukua barakoa nyingine.